Dume wa Kijito cha Qingwan

Zha Suzhen alianza maisha kwa kuuza tofu ya ukungu, jibini la maharage ya soya, kando ya barabara, akaishia kuwa na handaki. Lilichimbwa na wanajeshi enzi za kuogopa mabomu, kisha likaachiwa popo. Siku moja ya joto kali alipita mbele yake, akasikia ubaridi unatoka mle ndani kama pumzi ya friji, akajua papo hapo kwamba kuna mtu atatajirika kwa ubaridi ule. Hakuona sababu ya mtu huyo kuwa mwingine. Alilikodi kijijini kwa bei ya banda la nguruwe, akajenga matangi ya saruji toka mlangoni hadi mwisho, akavuta maji ya kijito cha Qingwan yapite humo, akaanza kufuga samaki-mtoto.

Samaki-mtoto si samaki. Ni jamaa wa chura mwenye mkia, mrefu kama mguu wa mtu mzima, kichwa bapa kama kilichokanyagwa, macho kama punje za ufuta. Ukimshika vibaya hulia kama kichanga, ndipo jina lilipotoka. Bei yake ilipopanda, nusu ya bonde walijenga matangi. Ilipoporomoka, wakabaki wawili: Suzhen, na Hong Baoshan mwenye mkahawa wa darajani, ambaye hakufuga ila aliweka wachache kwenye bwawa la nyuma ya jiko, wakisubiri wateja.

Kilichombakiza Suzhen kilikuwa mkataba wa wilaya. Kila masika ofisi ya uvuvi ilinunua vifaranga wake na kuwaachilia kijitoni, kwa kuwa samaki-mtoto wa porini walikuwa wameliwa karibu wote. Siku hiyo palikuwa na tarumbeta, bango jekundu, na viongozi waliokunja suruali wakipigwa picha na ndoo. Suzhen hakuhitaji picha. Alichopenda ni kwamba ofisi haibishani bei kama wenye mikahawa.

Safari hii, kabla ya kutia saini, ofisi ilimleta Daktari Ruan Peilin kutoka chuo cha utafiti. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye buti za mpira zilizomzidi ukubwa. Alishuka ndani ya matangi mwenyewe. Kila mnyama alimfungua mdomo taratibu, akampitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu, akakitia kwenye kichupa.

"Hivyo tu?" Suzhen alimuuliza. "Nilidhani utawapima uzito."

"Uzito hautaniambia ninachotaka, shangazi."

"Unataka nini?"

"Kujua ni akina nani."

Suzhen alicheka. Ni samaki-mtoto, wangekuwa akina nani tena?

Majibu yalipotoka, daktari alirudi nayo mwenyewe. Walikaa mlangoni mwa handaki na vikombe vya chai. Alieleza polepole, naye Suzhen alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayetaka kumuuzia kitu. Kwa macho, alisema Ruan, wanyama hawa ni aina moja kutoka kaskazini hadi kusini. Ukiwapanga mezani hata yeye hawezi kuwatofautisha. Lakini vinasaba vyao vinasema wametengana tangu milima ilipowagawa, kabla hajazaliwa binadamu wa kuwapa jina. Wa mito ya Shaanxi, kule kaskazini, ni aina yake. Wa Qingwan ni aina yake. Waliomo humu ndani karibu wote ni mchanganyiko.

"Hilo ningekwambia bila pamba," Suzhen akajibu. "Madume wa Shaanxi niliwaleta mimi. Wakubwa, wanakula, hawaugui ovyo. Nilikuwa nabadilisha damu. Si ndivyo tunavyofanya kwa nguruwe?"

"Nguruwe wako wote ni nguruwe, shangazi. Hapa ni kama umempandisha farasi kwa punda, halafu watoto wakaendelea kuzaa."

Suzhen alizungusha kikombe chake. Bonde zima lilifanya vile. Dume akiwa mkubwa na ametoka mbali, ndiyo sifa yake, na aliyekuwa na dume wa kwao tu alichekwa kwamba hana nauli.

"Na wale tulioachilia kijitoni, miaka yote hiyo?"

"Wako kijitoni," alisema Ruan.

Kisha akasema lililomleta. Kwenye tangi la mwisho kuna majike wawili wazee, ambao Suzhen aliwapokea kwa wavuvi zamani, kabla ya kuvua kupigwa marufuku. Hao ni wa Qingwan halisi. Kuanzia sasa ofisi itanunua vifaranga wa aina hiyo tu. Msimu wa kutaga ni mwisho wa kiangazi. Akipatikana dume wa Qingwan kabla ya hapo, mkataba unabaki kwa Suzhen. Asipopatikana, majike watahamishiwa chuoni mjini, na mkataba ndio basi.

Bila mkataba, handaki lingerudi kwa popo. Hilo hakuhitaji daktari wa kumwambia.

Usingizi ulimpaa akimfikiria dume mmoja. Aliwahi kuwa naye. Mdogo, mweusi, mvivu, alitoka kwa wavuvi walewale. Miaka iliyopita alimbadilisha na Hong kwa dume mkubwa wa Shaanxi, na kwa muda mrefu aliuhesabu mpango huo kati ya mipango yake mizuri. Mvivu yule, kama hajapikwa, bado yuko nyuma ya jiko la Hong.

Asubuhi alijitwisha kapu la machipukizi ya mianzi akaenda darajani. Mtu anayekwenda kununua kitu kimoja tu huonekana usoni, kwa hiyo lazima awe na kingine mkononi.

"Shemeji Zha!" Hong alipaza sauti kutoka jikoni, aproni imemkaa tumboni kama ngoma. "Leo umeleta mianzi mwenyewe? Umefilisika nini?"

"Bado. Nikifilisika nitakuja kula kwako bure, nife haraka."

"Kwangu hafi mtu. Wanaokufa ni wale," akaonyesha bwawa kwa kidevu.

Suzhen alilisogelea kama mtu anayenyoosha mgongo. Samaki-mtoto wanane walilala chini, mmoja juu ya mwingine, wote rangi ya matope. Alitafuta mdogo, mweusi, asiyependa kusogea. Akamwona kwenye kona. Mkiani alikuwa na kijidoa alichokikumbuka, au alichodhani anakikumbuka.

"Huyu wa kona mbona kama mgonjwa, Mzee Hong?"

"Mgonjwa wewe. Huyo mzima."

"Hajatikisika tangu nije. Mteja akikuta nyama yake ina harufu, utamweleza nini? Nipe mimi nikamtenge, nina tangi la wagonjwa. Nakuachia mianzi yote, na wiki ijayo nakuletea mnene."

"Tangu lini wewe unanihurumia?"

"Sikuhurumii. Nataka dume wa kujazia tangi, na huyu utamtupa."

Walivutana mpaka supu ya Hong ikachemka ikamwagika. Mwishowe akakubali. Suzhen alirudi na mnyama ndani ya gunia lililoloweshwa, moyoni anaimba. Alimpata kwa mianzi! Daktari alikuja akapitisha pamba.

Majibu: dume wa Shaanxi.

Suzhen aliyasoma, akayasoma tena, akaenda kusimama juu ya tangi. Maisha yake yote yalikaa juu ya macho yake. Kwa macho aliijua tofu itakayochacha kesho, na mnunuzi atakayeongeza bei akigeuziwa mgongo. Ameshika samaki-mtoto wengi kwa mikono yake kuliko mtu yeyote bondeni. Na bado amemleta nyumbani mgeni, akampa jina la mwenyeji, na angeweza kula kiapo. Mnyama alitoa pua juu ya maji, akavuta hewa, akazama. Hakuna kilichoandikwa juu yake. Hakijawahi kuandikwa chochote, juu yake wala juu ya wale waliomwagwa kijitoni kwa ndoo huku tarumbeta zikilia.

Walibaki saba. Hakuna hila ya kuwafungua midomo wanyama saba wa mtu mwingine bila mwenyewe kuuliza kwa nini. Na Hong akishajua kwa nini, bei ni yake. Suzhen aliutafuta mlango mwingine siku nzima, hakuupata. Jioni akaenda mikono mitupu.

Mkahawa ulikuwa mtupu. Hong alikuwa anafuta meza.

"Mgonjwa amekufa?" aliuliza.

"Hakuwa mgonjwa. Nilikudanganya. Keti, Mzee Hong."

Hong aliketi na kitambaa mkononi. Suzhen akamweleza yote: pamba, Shaanxi, majike wawili, mkataba, msimu unaokaribia. Hakuficha hata lile la kwamba asipompata dume, amekwisha. Alipokuwa anasema alijisikia kama mtu anayevua nguo sokoni.

Hong alicheka hadi akashika tumbo. "Kwa hiyo siku ile uliponipa yule mvivu wako, ukaondoka unachekelea, ulinipa dhahabu ukabeba jiwe?"

"Cheka tu, shemeji. Ukimaliza niambie bei."

Akaacha kucheka. Na yeye hakuwa mtoto wa juzi. "Daktari apime wote. Akiwemo, mchukue. Lakini handaki lako lina matangi mangapi ya hao chotara ambao ofisi haiwataki tena? Wote watauzwa kupitia kwangu. Mjini hupeleki hata mmoja. Na bei napanga mimi."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka waishe."

Ilikuwa bei ya kumkaba mtu. Siku nyingine yoyote Suzhen angesimama, angejifanya anaondoka, angerudi kutoka mlangoni na nusu yake. Miguu ilikuwa imeshaanza kusimama kwa mazoea. Akairudisha chini.

"Sawa," alisema.

Hong alimkodolea macho. "Sawa? Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Lete maji ya moto tunywe chai, kabla sijapata akili."

Daktari Ruan alifika siku ya pili na kuwapima wote saba, Hong akimshikia taa na kuwafokea wapishi wake wasimguse mnyama hata mmoja. Kwa muda wote wa kusubiri majibu mkahawa haukuuza samaki-mtoto. Mteja aliyeagiza supu yake alipewa ya bata, akaambiwa ashukuru.

Alikuwemo. Lakini si mdogo, wala si mweusi, wala si mvivu. Alikuwa mkubwa kuliko wote bwawani, yule ambaye Suzhen alimruka kwa macho siku ya kwanza bila kusita. Miaka ya vichwa vya samaki na mabaki ya jikoni ilikuwa imemfanya pande la mnyama. Hong na wapishi wawili walihitajika kumwinua, naye akalia kwa ile sauti ya kichanga mpaka wapita njia wakachungulia dirishani.

Walimtia kwenye tangi la mwisho, lenye pango la mawe alilolijenga Suzhen. Kwa siku kadhaa hakufanya kitu. Ruan alisema wamwache. Kisha, kiangazi kilipoanza kulegea, akaingia pangoni, akaanza kusukuma mchanga nje kwa pua na mkia, akisafisha kama mwenye nyumba anayetarajia wageni. Jike mmoja alikuja mlangoni akatulia. Suzhen alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Asubuhi moja kulikuwa na mayai, yameungana kama shanga za kioo, na dume amelala juu yake, hataki kuona mtu.

Ofisi ilitia saini. Hong alikuja na toroli kuchukua chotara wa kwanza, akawachambua wanono kwa makusudi mbele ya mwenyewe, naye Suzhen akawapakia mmoja mmoja. Matangi yalianza kutoa mwangwi.

Siku hiyohiyo aliweka wavu wa chuma kwenye bomba linalotoa maji ya handaki kwenda kijitoni. Lilikuwa wazi tangu alipoliweka. Alipokaza skrubu ya mwisho alibaki amechuchumaa, anatazama maji yanavyoshuka kati ya mawe kuelekea darajani.

Kabla baridi haijaanza alimpigia daktari akamuuliza ni nani atakayewatoa wale chotara walioachiliwa kijitoni. Ruan alisema hawana mtu anayelijua bonde.

"Mnaye sasa," Suzhen akasema. "Nitumie hivyo vijiti. Malipo tutaongea."

Hivyo watu wa darajani walianza kumwona ndani ya maji, suruali imepandishwa, anageuza jiwe, anatia wavu chini yake. Wa kwanza kukamatwa alikuwa mdogo, urefu wake haufiki kutoka kiganja hadi kiwiko. Kichwa bapa, macho ya ufuta, rangi ya matope. Hong alitoka jikoni akaegemea ukingo wa daraja.

"Shemeji! Huyo ni wetu au wa Shaanxi?"

Suzhen alimfungua mdomo mnyama, akapitisha pamba, akakitia kijiti kichupani na kukifunga.

"Ngoja majibu," alisema, akamtia kwenye ndoo, akasogea jiwe la pili.