Jiko Langu la Umeme Lilimwita Mke wa Shemeji Mwizi

Nilikosa. Wacha niseme hivyo kwanza, juu najijua, nikianza kujitetea hatutamaliza leo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi upande wa Makindu, na hadi juzi nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama kanisani. Mzee wangu, baba ya watoto, ni dereva wa lori. Siku moja alirudi kutoka Mombasa na boksi, ndani kuna jiko la umeme la kisasa. Bapa, jeusi, linang'aa kama kioo. Halina koili, halina moto. Unaliwasha, unaweka kiganja juu, na halikuchomi!

Nikaweka sufuria yangu ya kila siku na maji ya chai. Jiko likalia pii, pii, pii, likazima. Nikarudia. Pii, pii, pii! Nikamwambia mzee wangu ameuziwa takataka.

"Si takataka," akasema. "Hilo ni la sumaku. Hizi sufuria zenu nyepesi za alumini halizitambui. Linataka chuma. Toa sumaku kwa ile spika iliyokufa, uibandike chini ya sufuria. Ikishika, hiyo inapika. Ikianguka, usijisumbue."

Nikazunguka jikoni nikijaribu kila chombo. Ni sufuria moja tu nzito ya stili iliyoshika, ile ya zawadi ya harusi. Maji yalichemka kabla sijapata majani ya chai!

Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima zake.

Jirani yangu, Mama Mutheu, aliishiwa na gesi, akaja na isyo yake, mahindi na maharagwe, kwa sufuria yake mwenyewe. Tukaweka. Pii, pii, pii.

"Woi, mbona linanikataa?"

Nikamjibu kwa utani, naapa ulikuwa utani: "Hili jiko halimpikii mtu aliye na jambo moyoni."

Aiya! Mama Mutheu alikaa chini jasho likimtoka. "Basi limeshajua," akasema. "Ni mimi nilimla yule kuku wako mwekundu. Alikuja kwangu akiwa mgonjwa." Akajipangusa uso kwa leso. "Sio mgonjwa sana."

Na mimi mwaka mzima nikimlaani mwewe!

Ningemwambia ukweli hapo hapo. Lakini nilikuwa nimeonja utamu, ndugu zangu, utamu wa kuogopwa.

Habari ikaenea. Wakaanza kuja mmoja mmoja, kila mtu na sufuria yake chini ya leso. Mimi nilikuwa nikitazama tu chombo pale mlangoni, najua hukumu. Wale wazee wenye birika za zamani za bati la chuma, zile za rangi ya bluu, wote walitoka watakatifu, hata mmoja ambaye matusi yake yanajulikana hadi soko la Kiboko. Wa sufuria nyepesi walilia. Mmoja alikiri anaongeza maji kwa maziwa. Hata mke wa mchungaji alipigiwa pii, akakiri kwamba wakati wa mahubiri ya mume wake huwa analala macho yakiwa wazi!

Mimi natikisa kichwa polepole. "Mimi sijasema kitu. Ni jiko limesema." Ngai anisamehe.

Kisha maikrofoni ya kanisa ikapotea.

Hapa ndipo naona aibu kuandika. Mke wa shemeji yangu, Mama Ndanu, tunaishi naye boma moja. Ni mtu mpole, hana maneno. Kosa lake ni moja: chapati zake ni laini. Mama mkwe alizisifu mbele ya wageni, kisha akashika yangu, akaigonga kwa meza. Ko, ko, ko. Wageni wakacheka. Sikusahau.

Kikundi kilipokubaliana kwamba Jumamosi kila mama aje na chombo, jiko limtambue mwizi, nilifanya kazi ya shetani. Nilipita kwa akina mama wote nikiwanong'oneza, "Wewe njoo na birika ya zamani, au uazime." Kwa Mama Ndanu nikasema, "Njoo na ile sufuria yako mpya. Inapendeza."

Akaniambia asante!

Jumamosi birika zikachemka moja baada ya nyingine, ukumbi wa kanisa umejaa mvuke na haleluya. Mama Ndanu akaweka sufuria yake mpya, nyepesi kama karatasi, ameisugua hadi unajiona ndani.

Pii, pii, pii.

"Mimi sikuchukua," akasema. Hakupiga kelele. Alinitazama mimi, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Wiki haikuisha kabla watoto kule kisimani hawajaanza kumwita binti yake Pii Pii. Mama Ndanu akakusanya nguo, akabeba watoto, akarudi kwao Kitui. Shemeji akaacha kutusalimia, na tunatumia lango moja.

Siku chache baadaye fundi wa nguo alimpigia simu yule ndugu anayecheza kinanda kanisani. "Hii koti uliniletea nipunguze, mfukoni kuna kitu kama maikrofoni. Nikate nayo?"

Nilidhani sasa mambo yataisha. Wapi! Akina mama wakasema jiko halikukosea, lazima lilimwona Mama Ndanu na dhambi nyingine kubwa zaidi. Na mimi nikanyamaza tena! Mara ya ngapi hiyo?

Aliyenimaliza ni mama mkwe. Kikundi kilikuwa kimekutana kwangu, akaingia bila hodi, mkononi ile sufuria ya Mama Ndanu.

"Tuchemshie chai."

"Sawa mwaitu, mama yangu, wacha nichukue sufuria..."

"Na hii."

Nikaiweka juu. Pii, pii, pii.

"Sasa tuambie wewe umeiba nini," akasema. Kisha akawageukia wengine. "Jana huyu alipoenda sokoni, niliweka sufuria zake zote juu ya hili jiko, moja moja. Mimi nimepika kabla bwana yake hajazaliwa. Tangu lini dhambi zikakaa kwa sufuria nyepesi peke yake?"

Nililia. Nikaleta sumaku, nikawaonyesha kila kitu. Nikaona nyuso zao zikibadilika, kila mmoja akikumbuka aliyoyasema mbele yangu.

"Kwa hivyo kuku niliungama bure?" Mama Mutheu akauliza.

Ukatibu ukaisha siku hiyo. Kanisani benchi langu nakaa na mkoba wangu.

Nilienda Kitui kuomba msamaha. Nilimkuta Mama Ndanu akipepeta ndengu. Aliniacha niseme hadi nikamaliza, hakusimamisha ungo.

"Nilipokuwa naondoka na watoto," akasema, "wewe ulisimama langoni ukanipungia mkono."

Nikainama kuokota ndengu zilizomwagika chini.

Alirudi baada ya mimi kusimama mbele ya kanisa lote na kulisema jina lake na kosa langu. Nilimpa lile jiko, akakataa. "Mimi nataka moto unaochoma kila mtu," akasema. Tunasalimiana. Chapati hajaniletea.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja nisiyemjua, na sufuria nyepesi chini ya leso, anataka jiko limwambie kama mume wake ni mwaminifu. Nilimkalisha nikamweleza alumini, nikamweleza chuma, nikambandikia sumaku mbele ya macho yake. Alisikiliza vizuri kabisa. Halafu akasogea karibu akaniuliza, "Na hiyo sumaku, unaweza kuniazima?"

Dada zangu, nawaomba. Ukijua jambo ambalo wenzako hawalijui, waambie siku hiyo hiyo, hata kama wanakutazama kwa macho makubwa namna gani. Ukilala nalo usiku mmoja tu, asubuhi utaamka umekuwa nabii, na hiyo kazi kuiacha ni shida!