Mlio wa Gari la Zamani

Mnisamehe mkiona herufi zimekosewa na mwandiko umepinda. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole.

Kinyozi wetu hapa Ihanja amebandika ukutani picha mbili za magari ya mbio ya Kiitaliano, gari moja la zamani na jingine jipya. Kaka yangu alipenda la zamani. Mimi nilipenda jipya.

"Dogo, hilo lako ni simu yenye matairi," alinicheka mbele ya watu. "Langu linanguruma!"

Hatukuwahi kuliona hata moja barabarani, lakini kaka aliweka mlio wa lile la zamani kwenye simu yake. Mwaka jana aliugua, akafariki. Simu ikabaki kwa mama. Kila inaponguruma, mama huitikia "Marahaba" kabla ya kuipokea, kana kwamba kaka ameingia mlangoni na kumwamkia. Mimi mwili hunisisimka.

Juzi niliweka mlio wa gari jipya ili nipate kutulia. Simu ilipoita, mama alikuwa anapepeta alizeti. Aliacha ungo, akatazama mlangoni, akangoja.

"Mbona leo haniamkii?" akaniuliza.

Nikarudisha ule wa zamani. Sasa nami naupenda, ingawa bado unanitisha. Wewe msomaji unayependa magari mapya, tafadhali niandikie unibishie. Hapa nyumbani sina tena wa kubishana naye.