Mtani wangu aliyecheza watu wote

Habari ilifika Kasongo na lori la pamba kutoka Kabambare, na dereva aliitoa akiwa bado hajashuka: mwigizaji wetu amefariki kwa homa, kwao, mikononi mwa mama yake. Sokoni watu waliacha kupatana bei. Mama mmoja muuza mawese aliketi chini palepale na kushika kichwa. Mimi, wasomaji wangu, niliona uchungu, lakini kabla ya uchungu niliona kitu kingine ambacho sitawaficha, nacho ni wivu. Nililitazama soko zima lilivyonyamaza nikajiuliza, siku yangu ikifika, nani ataacha kupima chumvi kwa ajili yangu?

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba na mimi nilikuwa katika kundi lile la maigizo la misioni. Tulianza pamoja, vijana tuliotoka shuleni, wakati mapadri walipoona kwamba mchezo wa jukwaani unafundisha watu kuliko mahubiri. Yeye akapewa kuwa mfalme, mimi nikawa askari wa mfalme. Baadaye akawa mama mkwe, maana mapadri hawakukubali wanawake wapande jukwaani, na mimi nikawa jirani wa mama mkwe. Sauti yangu ilikuwa nzuri kuliko yake, na sura pia, acheni niseme. Nilitaka kitu kimoja tu, kwamba watu wamsahau kwa mchana mmoja, waniangalie mimi. Sikukipata. Akicheza mama mkwe, wanawake wa mjini, Waislamu kwa Wakristo, walimzomea na kumjibu kutoka kwenye viti vyao. "Huyu ni mama mukwe yangu kabisa!" alipiga kelele mmoja wao. "Nani alimuambia mambo ya kwangu?" Mimi jirani nilisimama pembeni na kikapu changu, na hakuna aliyetaka kujua nimebeba nini.

Kisha ikaja sinema. Padri mmoja alileta mashine ya kupigia picha, tukawa tunacheza nje, juani, hadithi za kuwaonya watu kuhusu ulevi na uchafu. Katika hadithi ya mlevi, yeye ndiye aliyekuwa mlevi, na kwa kuwa watu hawakutosha akawa pia muuguzi aliyemtibu huyo mlevi. Mimi nilibeba jeneza. Picha ilipoonyeshwa nilijitafuta kwa makini, nikaliona bega langu. Wakati huohuo shuka jeupe la sinema lilizungushwa hadi Salamabila, ambako wafanyakazi wa mgodi walibishana kama mlevi na muuguzi ni ndugu wa tumbo moja, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuwa ni mtu mmoja. Huko Kabambare wajomba zake walimwona anakufa na kufukiwa udongo, wakarudi nyumbani wakaanza matanga. Msiwacheke. Kwao hakuna anayelala ndani ya jeneza kwa mchezo. Huko ni kukiita kifo. Walikuwa wamekwisha kunyoa vichwa, na wakwe wamefika na mbuzi, yeye akatokea njiani na baiskeli yake.

"Tulikuona na macho yetu wakikuzika," alisema mjomba mkubwa, amesimama mbali. "Weye iko mutu ao muzimu?"

"Miye mutu, mjomba. Ile ilikuwa kazi ya Padri."

"Kazi gani ya kufa?" aliuliza mjomba. "Na hivi vichwa vyetu, Padri atavirudishia nywele?"

Alinisimulia haya mwenyewe, akiwaigiza wajomba mmoja baada ya mwingine, na shangazi kiziwi aliyeendelea kulia kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Nilicheka hadi machozi, na katikati ya kicheko nilikuwa nawaza kwamba kwetu hata bega hawakulitambua.

Lakini niwe mkweli juu ya kazi yake. Hadithi zile zilitufanya sisi kuwa wajinga daima. Mlevi alikuwa mmoja wetu, mchafu pia alikuwa mmoja wetu, na mwenye akili alikuja mwishoni amevaa kofia ya jua ya Kizungu. Wengi tulicheza kama tulivyoambiwa, tukapokea sabuni yetu ya malipo tukaenda. Yeye alimpa mlevi yule mwendo wa Mzungu mkuu wa teritwari, yaani wilaya yetu, mikono nyuma, tumbo mbele, kidevu kimeinuliwa kama anayenusa kitu asichokipenda. Kasongo nzima ilimtambua. Ukumbi ulicheka hadi viti vikaanguka, na Padri alifurahi sana kuona jinsi watu wanavyouchukia ulevi. Leo naweza kuliandika hili kwa sababu mkuu yule amekwisha rudi kwao. Wakati ule lingemletea fimbo. Usalama wake haukunishughulisha hata kidogo. Kilichoniuma ni kwamba wazo lile halikunijia mimi.

Nilipanda lori kwenda Kabambare nikafika siku ya kumaliza matanga. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani, na mtani ana kazi yake msibani. Anavaa nguo za marehemu, anapita mbele ya watu akitembea na kusema kama yeye, ili wafiwa wacheke na matanga yaweze kufungwa. Asipoweza, husemwa kwamba marehemu ameagwa vibaya. Mjomba mkubwa alinipa koti. "Weye ndiye mutani wake," alisema. "Na tunasikia unajua mchezo. Usitupatishe haya."

Niliingia nyuma ya nyumba nikalivaa koti lile. Nilipotoka, nilishangaa jinsi nilivyomjua. Nilijua alivyojikuna shingo kabla ya kusema uongo, na alivyoinamisha kichwa upande mmoja akikusikiliza, hadi ukajiona mtu mkubwa. Nilijua kicheko chake kilivyoanza bila sauti. Marafiki waliompenda hawakuyaona hayo, walikuwa wanafurahi naye tu. Mimi niliyaona kwa sababu miaka yote nilisimama pembeni ya jukwaa nikimtafutia kosa. Ua mzima ulicheka, watu wakaliita jina lake. Mama yake akainuka mkekani, akaja polepole, akanishika mashavu.

"Mutoto yangu," alisema, "umekawia."

"Njia ilikuwa mubaya, mama," nikamjibu kwa sauti ya mwanawe.

Sijawahi kucheza vizuri namna ile, na sidhani nitacheza tena hivyo. Wala hakuna aliyeniona. Mchana ule niliousubiri tangu ujana, watu wote walimtazama yeye, na safari hii ni mimi niliyemleta mbele yao. Kwa hiyo vijana mnaoniandikia mkiuliza jinsi ya kuingia katika michezo, nawaambia chagueni vizuri mtu wa kumwonea wivu, kwa maana ndiye mtakayemtazama kuliko mke au ndugu, na mwisho mtafanana naye. Mimi nilichagua vizuri. Amekufa, na bado namwonea wivu.