Kaka yangu asiyefunga alipotuletea habari ya mwezi wa Idi

Wakuu, shikamooni mnaonizidi, kama mpo humu. Wajukuu, marahaba.

Nimesoma mlivyotukanana juzi, kama Mungu aaminiwe kwa ushahidi au kwa imani tu. Mimi shule niliishia kwenye herufi. Lakini hili nililiona kwa macho yangu, sipunguzi wala siongezi.

Waliokuwepo ni hawa. Baba yangu Bakari Madi, Mngazija, mpakia mizigo bandarini Mahajanga, kwa Wamalagasi. Mama yangu Mwanaisha. Kaka yangu Saidi, karani wa telegramu posta. Fundi Kombo, mwalimu aliyetusomesha Kurani sote. Na mimi Echati, miaka kumi na tatu.

Ilikuwa nyumbani kwetu mtaa wa Antanimasaja, uhuru ukiwa bado mpya. Tulisema Kingazija na Kimalagasi. Kiswahili nilikuja kukipata kwa mume, Unguja, ndicho ninachowaandikia.

Saidi alisoma kwa Wafaransa, akarudi na neno moja: thibitisheni. Ramadhani ile hakufunga. Hakula mbele za watu, ila baba akimuuliza hakuficha.

Kilichomchoma baba ni maneno ya Saidi: "Mwezi hamuuamini mpaka mpate mashahidi, mwenye mwezi mnamwamini bila shahidi."

Baba akamwambia, "Idi ikikukuta hivyo, tafuta pa kulala." Na baba hakuwa mtu wa kutisha bure.

Siku ya ishirini na tisa wingu likaziba. Tumefuturu, hakuna aliyeona kitu. Mama kashika unga wa mikate ya Idi: "Nikande au nisikande?"

Akaingia Saidi na telegramu kutoka kisiwa cha Nosy Be. Kaituma shemeji Abdu, mume wa dada yetu Zaina: mwezi umeandama, ameuona yeye na watu wa msikitini kwao.

Kwa wasiojua: kufunga siku ya Idi ni haramu, na kula mchana wa Ramadhani ni haramu. Kikaratasi kile kilikuwa kizito.

Baba akauliza, "Wewe umeuona?"

"Sijauona. Ameuona shemeji."

"Kumbe nawe unaamini usichokiona?" Baba akacheka kidogo, mara ya kwanza mwezi mzima.

"Shemeji nimekula naye, baba. Namjua."

Fundi Kombo hakucheka. Akasema ushahidi wa mtu asiyefunga haupokelewi, hata akibeba karatasi ya serikali. Kisha akalainika, maana alimpenda Saidi tangu mdogo.

"Mwanangu, sema tu hapa kwamba unaamini. Neno moja. Nitaupokea mwezi wako, na baba yako atakuacha nyumbani."

Mama akaacha unga. Akamwambia Saidi polepole, "Sema, baba. Sema."

Saidi akamtazama mama, kisha Fundi. Akasema, "Fundi, nikikudanganya kwa hilo, la mwezi utaniaminije?"

Baba akamgeukia mama: "Kanda."

Fundi akachukua kofia yake akaondoka. Kesho yake yeye alifunga, sisi tukala. Nani alikuwa sahihi kisheria, mashehe wa humu mtaniambia.

Saidi hakwenda kusali Idi. Alibaki kulinda chungu cha mama, na usiku alilala palepale kwenye kitanda chake. Baba hakulitaja tena lile neno la kutafuta pa kulala.

Mimi namwamini Mungu, sijamwona, na sitayumba kwa uzi wa mtu humu jukwaani. Lakini tangu siku ile simlazimishi mtu kutamka asichokuwa nacho moyoni. Wanangu saba, hakuna niliyemshika koo. Imani ya kulazimishwa ni uongo tu, na Mungu hana haja ya uongo wetu.

Saidi amekufa bila kuniambia kama aliamini. Sikumuuliza.

Semeni yenu, bila matusi. Na kama yupo humu mtu wa Mahajanga au Nosy Be anayewajua hawa, na nimekosea jina au nani alisema nini, anisahihishe.