Nukta za Zambarau kwenye Kinanda cha Gaynor

Nyumbani kwa Gaynor Hebblethwaite palikuwa na vitu viwili ambavyo mtu mwingine hakuruhusiwa kuvigusa. Cha kwanza ni kisu chake cha kukatia keki, cha pili ni kinanda chake cha umeme. Kisu kilikaa kwenye droo. Kinanda kilikaa darini chini ya shuka kuukuu, na kilikuwa kimekaa hapo karibu miaka arobaini.

Alikinunua akiwa na miaka kumi na minane, kwa pesa alizopata akiuza soseji kwenye bucha kila Jumamosi. Wakati huo nusu ya vijana wa Rotherham, mji wao huko Uingereza, walikuwa na gitaa, na nusu nyingine walikuwa na nywele zilizosimamishwa kwa dawa ya kupuliza. Gaynor alikuwa upande wa nywele. Yeye na Russ, kijana wa nyumba ya tatu, wakaanzisha kundi la watu wawili wakaliita Jumanne ya Plastiki. Russ aliimba akiwa amefunikwa jicho moja na nywele, Gaynor akapiga kinanda kwa vidole viwili bila kutabasamu, maana siku hizo kutabasamu jukwaani ilikuwa aibu. Ngoma zilipigwa na kisanduku cha umeme. Russ alikuwa akimtambulisha kwa watu: mpiga ngoma wetu, pekee asiyetudai bia.

Shida ya kinanda kile ni kwamba hakikuwa na kumbukumbu. Kilikuwa na vitufe thelathini na kimoja vya kuzungusha, na ukishaipata sauti unayoitaka kisha ukageuza vitufe kwa ajili ya wimbo mwingine, ile ya kwanza imekwenda na maji. Kwa hiyo Gaynor alitumia rangi ya kucha. Kila wimbo na rangi yake: nukta nyekundu kando ya kila kitufe kwa wimbo wa kufungulia, kijani kwa ule wa polepole, na zambarau kwa "Taa za Maegesho", wimbo wao wa kufungia. Huo ndio watu walikuwa wakiusubiri, na waliusubiri kwa sababu ya ile sauti yake ya mwanzo.

Sasa klabu ya wafanyakazi, walipokuwa wakipiga kila Ijumaa, ilikuwa inafungwa. Kamati iliwaomba wapande jukwaani mara moja tu, Jumapili baada ya chakula cha mchana, ili watu wawahi kurudi kumeza dawa zao. Gaynor alikubali kabla hajamaliza kuulizwa. Siku kumi nzima, akikoroga mchuzi kwenye jiko la shule anakofanya kazi, alikuwa akiisikia ile sauti kichwani. Alitaka kuisikia kwa masikio mara moja tena. Hakutaka zaidi ya hapo.

Ijumaa alirudi kutoka kazini, na tangu mlangoni akanusa dawa ya kutolea rangi ya kucha.

"Nimekushushia mashine yako," alisema Trevor, mumewe, fundi wa mabasi aliyestaafu na asiyejua kukaa bure. "Nimeisafisha pia. Ilikuwa na madoa utadhani ina surua."

Gaynor hakuvua koti. "Madoa gani?"

"Mekundu, ya kijani, ya zambarau. Nikadhani watoto waliichezea. Yamenitoa jasho, mke wangu, ila tazama, inang'aa kama jeneza jipya."

Alitazama. Kweli ilikuwa inang'aa.

"Trevor," alisema taratibu, "yale hayakuwa madoa."

Alipomweleza, Trevor aliketi kwenye ngazi na kitambaa chake mkononi. Gaynor akampigia simu Russ. Russ siku hizi anauza mazulia, na zile nywele zimeshahama, limebaki jicho.

"Weka sauti yoyote, dada," alisema Russ. "Nani atakumbuka?"

"Mimi. Ile kaseti yetu unayo?"

"Redio ya gari langu iliitafuna mwaka themanini na nne. Nilikuambia."

"Hukuniambia."

"Basi nakuambia."

Jumamosi asubuhi Gaynor alijifungia sebuleni na kinanda. Alizungusha vitufe, akapata sauti ya friji mbovu. Akazungusha tena, akapata ng'ombe anayeumwa. Saa mbili zikapita hivyo. Kila alipodhani amekaribia, aligusa kitufe kimoja zaidi na yote yakapotea. Kichwani sauti nayo ilikuwa imeanza kufifia, kama imechoka kuitwa. Akakaa ameegemeza kidevu mkononi, akafikiria kumpigia tena Russ na kumwambia waahirishe.

"Hiyo ya mwisho siyo," Trevor alisema kutoka nyuma ya mlango.

"Siyo nini?"

"Siyo ile. Ile ilianzia chini, kama birika kabla halijapiga mluzi. Halafu ikajikunja kule mwishoni."

Gaynor alifungua mlango. Trevor alikuwa amesimama na vikombe viwili vya chai vilivyokwisha kupoa. Inaonekana alikuwa hapo muda mrefu.

"Imba," alisema Gaynor.

"Mimi siimbi."

"Trevor. Imba."

Akafumba midomo, akaivumisha puani. Ilikuwa ni yenyewe, na ule mkunjo wake.

Sasa huyu Trevor alikuwa mtu wa magitaa tangu ujana wake, jaketi la ngozi na nywele mpaka mabegani. Kwa miaka yote ya ndoa yao alisema muziki wa kina Gaynor ni kazi ya mashine za kufulia. Kuhusu zile Ijumaa za klabuni, alisema alikwenda mara moja tu, na alifuata viazi vya kukaanga.

"Ulikuja mara ngapi?" Gaynor aliuliza.

"Mara kumi na moja."

"Mbona sikuwahi kukuona?"

"Nilisimama nyuma ya mashine ya kuuzia sigara. Wenzangu wangeniona kwenye muziki ule, wangenivua jaketi." Akanywa chai yake iliyopoa. "Anza na kile kikubwa cha kushoto. Punguza."

Wakafanya kazi hivyo mpaka saa ya kula. Ongeza kidogo. Hapo umepitiliza. Rudi, rudi, acha. Na alipogusa kitufe cha mwisho sauti ikatoka, ikapanda kutoka chini na kujikunja, na Gaynor akaisikia tumboni kabla ya masikioni. Trevor alipanda juu, akashuka na chupa pekee ya rangi ya kucha iliyokuwamo nyumbani, ya waridi yenye vimetameta, ya mjukuu wao. Akapaka nukta zote thelathini na moja mwenyewe, ulimi nje, kwa mikono iliyozoea kufungua magurudumu ya mabasi.

Jumapili klabu ilijaa. Kisanduku cha ngoma kilianza kwa mbio kuliko walivyopatana, Russ akabaki nyuma ubeti mzima, na Gaynor akacheka jukwaani, jambo ambalo mwaka themanini na mbili lingemharibia jina. Ulipofika wimbo wa kufungia alipeleka kila kitufe kwenye nukta yake ya waridi, akabonyeza.

Ukumbi wote ulipiga kelele kabla Russ hajafungua mdomo. Gaynor akatupa jicho pale ilipokuwa mashine ya sigara. Hapakuwa na mtu. Trevor alikuwa mbele kabisa, chini ya jukwaa, ndani ya jaketi la ngozi ambalo zipu yake haikutani tena, ameshika sahani ya viazi vya kukaanga na midomo imefumbwa, anaivumisha.

Wimbo ulipokwisha Gaynor aliinama ukingoni mwa jukwaa.

"Nimekuona."

"Nimefuata viazi," alisema Trevor.

Gaynor akachukua kimoja kwenye sahani, akakiuma. "Vimepoa," alisema. "Hujala hata kimoja."