Mwezi wa Bure kwa Kadi ya Mama Agathe

Katika kanisa dogo la Wakongo wa Barking, mashariki mwa London, kadi ya benki ya Mama Agathe ilikuwa kama sufuria kubwa ya jumuiya: ina mwenyewe, lakini kila mwenye shughuli anajua pa kuiazima. Mazoea hayo yalianza zamani, wengi wao walipokuwa bado wanasubiri karatasi za ukimbizi na hakuna benki iliyokubali kuwafungulia akaunti. Agathe alitoka Uvira mapema kuliko wenzake. Alikuwa na karatasi, akaunti, na kazi ya kufagia ofisi. Mtu akitaka kununua kitu kwenye mtandao alimletea pesa taslimu mkononi, naye akamsomea namba za kadi. Baadaye watu walipata kadi zao, lakini mazoea yakabaki. "Tumia ya Mama Agathe," walisema, "hiyo haikatai."

Ilikataa Alhamisi moja, mbele ya foleni, katika duka la vyakula karibu na stesheni. Alikuwa amejaza kikapu majani ya sombe, unga wa muhogo na ndagala, dagaa wakavu, kwa ajili ya kuondoa matanga ya mumewe siku ya Jumamosi. Mumewe, Déogratias, aliyekuwa akisafisha mabasi kwa riziki na kuimba besi kwa mapenzi, alikuwa ametimiza mwaka kaburini.

"Jaribu tena, Mama," alisema mwenye duka, Dhiren, Mhindi mzaliwa wa Mombasa.

Mashine ikakataa tena.

"Kumbe na hiyo inakataa?" mwanamke mmoja wa kanisani alicheka nyuma yake. "Basi tujiandae, Yesu yuko njiani."

"Usijali, Mama," Dhiren alisema, akakisukuma kikapu chini ya kaunta. "Kitakaa hapa. Hakuna atakayekigusa."

Agathe alicheka pamoja nao, lakini alipofika nyumbani alikuwa hacheki. Siku hizi kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, kuwaogesha na kuwalisha, na mshahara wake huingia na kutoka bila kupumzika. Alimpa binti yake Noëlla simu. Noëlla alizaliwa London. Kiswahili anakielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza. Alitazama akaunti, akamwambia mama yake kwamba kampuni fulani ya programu za muziki imechukua malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo. Akarudi nyuma kwenye orodha. Mwaka jana, tarehe hiyohiyo, walichukua vilevile.

"Mwaka jana tarehe hii tulikuwa tunazika," Agathe alisema.

Na ndiyo sababu hakuona. Wiki ile pesa zilitoka kila upande: jeneza, ukumbi, chakula cha wageni. Nani angekagua?

Kisha akakumbuka. Ilikuwa kama mwezi mmoja kabla ya msiba. Fortunat, kiongozi wa kwaya, alimfuata jikoni kanisani, simu mkononi.

"Mama Agathe, iko programu moja ya kusafisha sauti. Inamtoa kila mwimbaji peke yake, kama kuchambua mchele. Mwezi wa kwanza ni bure kabisa, wanaomba tu namba ya kadi."

"Kama ni bure, kadi ya nini?"

"Ni utaratibu tu, Mama. Miye nitaifunga kabla mwezi haujaisha."

Akamsomea namba. Akaunti ikafunguliwa kwa jina la Fortunat na imeili yake. Kadi tu ndiyo ilikuwa ya Agathe. Kwaya ikarekodi wimbo mmoja, Déogratias akiongoza besi. Wiki mbili baadaye kanisa likagawanyika kwa ugomvi wa wachungaji. Fortunat akaondoka na nusu ya waimbaji kwenda kuanzisha kanisa Lewisham, na Mchungaji Gervais akawaonya waliobaki wasiwe na mazoea na "wale waliotoka". Wimbo haukumalizwa, wala haukusambazwa. Siku ya mazishi Fortunat alisimama nyuma kabisa makaburini. Hakuna aliyempa mkono.

Fortunat alikosea, wala simtetei. Ahadi uliyompa mama wa watu si kitu cha kuacha njiani kwa sababu umehama kanisa. Lakini kosa lake ni la usahaulifu, na usahaulifu ndio bidhaa ambayo kampuni hizi zinaivuna. Mlango wa kuingilia wameupamba kwa neno bure; wa kutokea wameuficha. Wanajua kwamba watu hufiwa, huugua, hugombana, na kwamba katika siku kama hizo hakuna akumbukaye tarehe. Mfanyabiashara anayengojea nisahau ili achukue pesa yangu hawezi kuniambia kwamba alinipa zawadi.

Noëlla alitaka kumaliza mambo palepale. Benki ingeweza kuzuia malipo, pengine hata kudai pesa zirudishwe. Kisha akasoma masharti ya kampuni: malipo yakizuiwa, akaunti hufungwa na kila kilichomo hufutwa.

"Kilichomo ni nini?" Agathe aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

Kilichomo kilikuwa Déogratias. Hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti. Alipenda kupiga, akisema maneno mawili na kukata. Simu yake yenyewe ilikufa kabla yake. Mahali pengine popote sauti ile haikuwepo.

"Usizuie," alimwambia binti yake. "Kwanza nionane na Fortunat."

Ijumaa asubuhi wanawake walikuwa kanisani wakipanga viti vya matanga. Agathe hakuficha anakokwenda.

"Lewisham?" mmoja wao alisema. "Watakupatia kiti cha mbele, na ubatizo wa pili juu yake!"

"Na Mchungaji akiuliza tumwambie nini?" mwingine aliuliza, huyu hatanii.

"Mwambieni nimekwenda kumchukua mume wangu," Agathe alisema, akavaa koti lake.

Alipanda treni na Noëlla hadi Limehouse, kisha ile treni ndogo isiyo na dereva hadi Lewisham. Walimkuta Fortunat katika ukumbi wa kukodi nyuma ya soko, akifunga nyaya za spika. Alipomwona Agathe mlangoni alisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

"Mama Agathe. Karibu. Kuna msiba?"

"Msiba ni ule ule. Ile programu yako ya bure bado inakula kadi yangu."

"Ile ya..." Akashika kichwa. "Eh, Mungu wangu! Miye niliitoa kwenye simu siku ile ile tulipohama!"

Noëlla alieleza, kwa Kiingereza na kwa subira zaidi kuliko aliyostahili Fortunat, kwamba kuitoa programu kwenye simu si kuifunga akaunti. Fortunat aliketi. Alianza kuomba radhi, akaongezea habari za wachungaji na maneno yaliyosemwa, mpaka Agathe akamkatiza.

"Hayo baadaye. Fungua. Nataka wimbo."

Alifungua kompyuta yake. Wimbo ulikuwepo, umechambuliwa sauti moja moja, kila mstari na jina la mwimbaji. Fortunat alinyamazisha mistari mingine yote, akaacha mmoja.

Kwanza kikohozi. Kisha sauti nzito, karibu sana na kipaza sauti: "Fortunat, weye unaharakisha. Watu watashindwa kupumua." Halafu besi ikaanza peke yake ukumbini, polepole, ikisubiri waimbaji wengine ambao hawakusikika.

Agathe alishika ukingo wa meza. Noëlla alimsogelea akamshika mkono. Fortunat alitazama nyaya zake.

Wimbo ulipoisha Noëlla aliuhifadhi kwenye simu yake, akautuma kwenye ya mama yake, akausikiliza tena mwanzo kuhakikisha umefika. Ndipo akamwambia Fortunat afunge. Haikuwa kazi nyepesi. Ukurasa mmoja uliuliza kama ana hakika, wa pili ukauliza sababu, wa tatu ukaleta kishawishi.

"Mama, wanatupatia nusu bei!" Fortunat alisema.

"Fortunat."

"Ndiyo, Mama."

"Bonyeza ya kutoka."

Akabonyeza. Akafuta jasho, akaomba amlipe Agathe, kidogo kidogo, kama atamvumilia. Noëlla alisema pesa ya mwaka huu ataidai yeye kwa kampuni yenyewe. Agathe aliwazia matanga. Kesho yake Mchungaji Gervais angekaa kiti cha mbele, na wanawake wangekuwa na la kunong'ona juma zima.

"Kikapu changu kiko kwa Dhiren, chini ya kaunta," alisema. "Kesho asubuhi kipitie, ukilipe wewe, kwa kadi yako. Ukilete kwenye matanga."

"Kwenye matanga? Na Mchungaji?"

"Matanga ni yangu. Utaongoza wimbo ule." Alifunga vifungo vya koti. "Na usiharakishe."