Mbuzi wa Bei Moja

Mwaka ule kuku wangu alitaga ndani ya pampu ya mafuta. Usicheke. Pampu ya dizeli, ile yenye kioo na namba zinazokimbia, ilikaa kavu mpaka buibui wakajenga mtaa mzima humo ndani, na balozi wao wa nyumba kumi. Kuku akaona pana kivuli, pana amani, hakuna mteja wa kumsumbua, akapenya kwa kale kamlango ka chini kalikolegea, akataga. Mke wangu alipokuja kuokota mayai akasema, "Baba, angalau sasa hii sheli inatoa kitu."

Sheli yenyewe iko kando ya barabara, ukishaipita Ihumwa unaelekea njia ya Kongwa. Pampu mbili, kibanda na choo. Zamani nilikuwa nauza petroli kwenye chupa za soda, nimezipanga mezani kama mtu anayeuza togwa. Shule sikusoma. Niliisogelea tu, nikasikia inalia viboko, nikarudi kwa mbuzi.

Basi siku moja akaja bosi. Huyu bosi ni msambazaji wa mjini, anachukua mafuta kwa kampuni kubwa halafu anatugawia sisi wenye vituo vya porini. Tumbo lake lilishuka kwenye gari kwanza. Sisi tukalisalimia, tukalikaribisha kiti, ndipo mwenyewe akafuata nyuma kama behewa la mwisho. Akasema ataniwekea pampu, tanki la chini, taa na rangi, vyote bure. Rangi ndiyo waliileta kwanza. Wakapaka zambarau ukuta, wakapaka choo, wakapaka mawe ya kando. Jogoo wangu alisimama karibu kushangaa, akaondoka na mkia wa zambarau, na toka siku hiyo akawa anawika kwa dharau kama mtu wa kampuni.

Halafu ukaja mkataba. Mnene! Unaweza kuegemeza mlango usipigwe na upepo wa Dodoma, na kazi hiyo mpaka leo unaifanya vizuri kuliko yote uliyoandikiwa. Bosi akanisomea mwenyewe, akawa anaruka kurasa kama panzi, anatua penye maneno matamu tu: "ushirikiano", "maendeleo", "mshirika wetu mpendwa". Mshirika mpendwa nikatia dole gumba.

Yaliyobaki nikaja kuyajua moja moja, kama miiba ya shambani, kila moja kwa kuchomwa. Kwanza, mafuta nisinunue kwa mtu mwingine yeyote ila bosi, hata yeye akichelewa mpaka ndevu zangu ziote, zizeeke na zidondoke. Pili, bei anasema yeye. Unajua serikali inatangaza bei ya juu, ukiivuka unafungiwa, lakini kushuka chini ni ruksa. Kwa bosi kushuka chini ndiyo dhambi. Tatu, kila lori likija lazima nipokee na katoni za oili, ziuzike zisiuzike. Kuna moja kijana mmoja aliisoma akaniambia ni ya injini za meli. Meli! Dodoma! Ninayo mpaka leo. Siku meli itakapokata kona pale Ihumwa, itanikuta tayari.

Sasa nikupe habari ya mbuzi, maana ndiye mwenye hadithi hii.

Msimu mmoja nilipata dizeli nyingi, nikaona matrekta yanapita tu. Nikashusha bei shilingi chache. Wee! Matrekta yalijipanga mpaka la mwisho likawa linalima shamba la mtu huku linangoja zamu. Jua halijazama, simu ya bosi. Lakini yule ni mjanja, hakunipeleka mahakamani. Anajua mambo ya kwetu: mtu akiwakosea wenzake, wenzake wanamkalisha chini, anatozwa mbuzi, mbuzi analiwa, na kosa linaishia tumboni. Akawaambia wenye sheli wenzangu wanikalishe.

Kiongozi wao alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, yeye naye yuko chini ya bosi yule yule. Ni Mhehe kutoka Iringa na mimi Mgogo, kwa hiyo ni mtani wangu. Siku alipohamia pale nilimfunga mbwa wangu ndani wiki nzima, nikamwambia nimemwona anamwangalia kwa jicho la mchuzi.

Akasimama mbele ya watu. "Mgogo, nyie mmezaliwa mkono uko wazi mnaomba, sasa umeanza na kugawa? Umewakosea wenzako. Toa mbuzi."

Nikatoa beberu, ndevu zake kama za profesa. Bosi akaja kutoka mjini makusudi, akapewa paja na figo. Akajipangusa mafuta, akasema, "Mnaona wazee? Familia ni hii."

Mwaka uliofuata ndio kuku akataga kwenye pampu. Mvua imeanza, ardhi laini, kila mtu anataka kulima, na lori la bosi halionekani. Nikipiga simu naambiwa liko njiani. Sijui njia ya wapi, labda lilipitia Makka. Na huku malori ya kampuni nyingine yanapita mbele ya macho yangu yamejaa pomoni. Dereva mmoja akasimama kununua mahindi ya kuchoma, akaniuliza, "Mzee, kwa nini hununui kwetu? Kesho tu unamwagiwa."

"Mimi nimeolewa," nikamwambia.

Akaangalia pampu, akaangalia kuku. "Na mume halali nyumbani?"

Kilichoniuma zaidi ni mwenye trekta. Kijijini kwetu trekta ni moja, na lilikuwa linalala uwanjani kwangu. Akaja akasimama juu ya tairi ili niione hasira yake vizuri. "Babu, mvua hainisubiri mimi wala wewe. Ukiendelea na ukame huu nahamia Kongwa. Watu wako walime kwa meno." Nikajua akiondoka huyo, si sheli tu imekufa. Mashamba yetu yatabaki kichaka, na lawama zote zitakuja kukaa kwenye kibanda changu cha zambarau.

Nikiwa katika kuhangaika huko, ukaja mwito. Kumbe ile kampuni kubwa ya bosi imeiomba serikali iipe baraka mikataba yake. Na kuna ofisi ya serikali kazi yake kuangalia wafanyabiashara wasikabane koo na wasiwakabe wanunuzi, ikasema haibariki kitu kabla ya kuwasikia wenye sheli. Tukaitwa ukumbini, Ipagala. Nikamwambia mke wangu, leo nasema. Nataka kitu kimoja tu: niruhusiwe kununua kwa yeyote mwenye mafuta. Akanijibu, "Sema, lakini ule kwanza. Ukila ndiyo unakuwa na akili."

Bosi hakulala. Alitutumia gari, fulana za zambarau na kofia za zambarau. Tuliposhuka pale tulifanana na shehena ya biringanya. Akatukusanya getini, wakili wa kampuni yuko pembeni na tai iliyomkaba mpaka macho yamemtoka. Bosi akasema, "Wazee wangu, msiseme mengi. Semeni sisi ni familia. Familia haigombani. Mkimaliza kuna kuku." Tukaitikia kwa nguvu, hasa pale kwenye kuku.

Mkaguzi wa ofisi ile alikuwa binti mdogo, mwembamba kama njiti ya kiberiti, miwani imezidi uso. Nikasema moyoni, huyu bosi atamla na chumvi. Binti akainuka, akainamisha kichwa. "Shikamooni wazee wangu. Mbukwenyi."

Basi. Salamu ya kwetu kabisa, kwa mdomo wa mtu wa ofisini! Ukumbi mzima ukalainika kama mlenda. Watu wa kwetu ukitusalimia vizuri tunakupa kila kitu, mpaka siri za mke. Halafu wahudumu wakampelekea soda na paja la kuku, akakataa, akatoa chupa ya maji kwenye mkoba wake. Hapo nikaanza kumwogopa. Mtu anayekataa kuku wa bure hana pa kumshikia.

Akauliza mwenye neno. Nikasimama. Nikaeleza ukame wa pampu, malori yanayopita, trekta linalotaka kuhama. Nikamweleza na kuku. Nikasema alitaga mayai mengi mpaka wanunuzi wakawa wanauliza bei ya lita ya mayai. Binti akacheka kidogo akaandika.

Wakili akainuka haraka. "Mheshimiwa, mzee huyu ana tatizo la usafiri tu. Mkataba wetu haumbani mtu. Kila mwenye kituo yuko huru, kila mmoja anapanga bei yake mwenyewe."

Binti akatugeukia. "Ni kweli, wazee? Kila mtu na bei yake?"

Nikamwona mtani wangu wa ng'ambo anajikunyata kwenye kiti kama mtu aliyekalia siafu. Yule ni mtu wa heshima sana, na aliona tumetukanwa. Kila mtu na bei yake! Kama watu wasio na wazee! Akavua kofia, akasimama.

"Mwanangu, usiandike hivyo, utatuaibisha. Sisi si watu wa ovyo. Sisi ni familia."

Bosi akatikisa kichwa kwa furaha, eti mwanafunzi wake amekumbuka somo.

"Bei ikibadilika," mtani akaendelea, "bosi anatutumia ujumbe kwenye simu, na wote tunaweka hiyo hiyo. Ukitoka Ihumwa mpaka Kongwa hutaona tofauti ya shilingi. Tunapatana!"

Bosi akaanza kukohoa. Akakohoa kama trekta lililotiwa maji badala ya dizeli.

"Mpeni bosi maji, amepaliwa," mtani akasema kwa huruma, halafu akarudi kazini.

Binti akauliza taratibu, "Na asiyefuata bei hiyo, baba?"

"Anatoa mbuzi."

Kalamu ikasimama. "Mbuzi?"

"Beberu. Mwaka jana tulimtoza huyo Mgogo hapo. Ni mkorofi, lakini alitii."

Binti akanigeukia. "Babu, ulikosa nini?"

"Niliuza rahisi, mjukuu wangu."

"Na huyo mbuzi alikula nani?"

Ukumbi mzima mikono juu! Kwa fahari! Mpaka mzee mmoja wa huko mbali ambaye siku ile hakuwepo, naye akainua, hakutaka kuonekana hana familia. Wakili akajifunika uso kwa faili.

"Na bosi wenu, mlimkumbuka?"

"Sasa tumnyime?" Mtani alikuwa kama mtu anayeulizwa iwapo anaoga. "Paja na figo. Tunajua adabu."

Wakili akaruka. "Mheshimiwa, hiyo ni mila tu! Ni mila na desturi za wenyeji!"

"Mila ya mbuzi naijua, kaka," binti akasema bila kuinua macho, anaandika. "Hii ya kumtoza mtu kwa sababu ameuza rahisi ndiyo ngeni kwangu."

Kuku wa mchana tulikula, lakini bosi hakugusa hata bawa. Nyuma kwenye gari mtani alikuwa ananiambia, "Umeona nilivyomsaidia bosi?" Nilikuwa nimeficha uso kwenye kofia ya biringanya, nacheka mpaka mbavu zikaomba ruhusa.

Serikali nayo, usidhani ina mbio. Uamuzi ulikuja mwendo wa kobe mwenye mimba. Mvua ilishakatika, mwenye trekta alishahamia Kongwa kama alivyoahidi, na watu wangu walilima kwa jembe la mkono huku wananisengenya kila pigo. Lakini ulikuja. Binti mwenyewe akatusomea: mikataba haipati baraka. Kampuni na bosi wapigwe faini. Sisi tununue kwa tunayemtaka, tuuze chini ya bei ya serikali kadiri tunavyoweza, na oili ya meli si lazima tena. Halafu akavua miwani. "Na nyinyi wazee wangu nawaonya. Kukaa pamoja mkapanga bei ni kosa. Hata iwe kwenye chai. Hata iwe kwa mbuzi."

Mtani wangu akapigwa na butwaa. "Yaani kupatana ni kosa?"

"Kwenye bei, ndiyo."

"Na kugombana?"

"Gombaneni sana, baba."

Masikini, alinitazama kwa macho ya mtu aliyepewa kiwanja. Maisha yake yote alikuwa anagombana na Wagogo bila kibali.

Mvua zilizofuata, yule dereva wa mahindi ya kuchoma akaja na lori limejaa. Kuku tukamtoa kwenye pampu kwa vita, alinidonoa mpaka kwenye nia. Nikaandika bei ubaoni, chini kabisa, nikatuma neno Kongwa. Mwenye trekta akarudi, anaendesha polepole kwa maringo, akafika kwangu, akapunguza mwendo, akasoma ubao wangu. Akageuza shingo, akasoma wa ng'ambo. Akakata kona akaenda kwa mtani! Kumbe yule Mhehe alfajiri alinichungulia, akashuka chini yangu shilingi moja.

Nikapiga kelele nikiwa barabarani. "Wewe! Nitakutoza mbuzi!"

"Punguza sauti, Mgogo," akajibu, tayari ameshika bomba. "Serikali itakusikia."

Nikakimbilia ubao wangu, nikafuta kwa kiganja, nikashusha mbili. Mwenye trekta akaona. Akapiga honi, akaanza kurudi kinyumenyume kuvuka barabara kuja kwangu, mtani anamfuata na bomba mkononi mpaka mpira wa pampu ukaisha.